Mama anataka kuona maua ya Wordsworth, na sisi tuna siku mbili tu

"Mama yangu ana miaka 68. Alifundisha fasihi ya Kiingereza sekondari kwa zaidi ya miaka thelathini, na kila mwaka alisomesha lile shairi la Wordsworth la maua ya daffodili kando ya ziwa, ingawa mwenyewe hajawahi kuyaona. Agosti anakuja kututembelea Manchester. Nimepanga kumpeleka Lake District, eneo la milima na maziwa kaskazini-magharibi mwa Uingereza, siku mbili: nyumba mbili za Wordsworth, ya Beatrix Potter, yule wa hadithi za sungura, kwa ajili ya wanangu (miaka 7 na 10), ya John Ruskin, mwandishi na mhakiki wa sanaa, na ile iitwayo Blackwell, halafu mlima mmoja na lile ziwa la maua. Hatuna gari. Mama anasumbuliwa na goti, anatembea kwa bakora, na ngazi ni shida. Watu wananiambia bila gari nisijisumbue, tena mvua itatuharibia. Nifanyeje asije akarudi nyumbani amevunjika moyo?"

Nimelisoma swali lako mara mbili. Ninavyokuelewa, basi na mvua ni vitu vidogo kwako. Unachoogopa ni kwamba mama amelibeba shairi hili miaka thelathini, amefunga safari ya mbali, halafu wewe umwonyeshe kitu kidogo kuliko alichokuwa akikiona kichwani. Kwa hiyo nianze na lile litakalouma, tulimalize: Agosti hakuna daffodili.

Hayo ni maua ya mwanzo wa majira ya kuchipua. Shina lake hulala ardhini kama kitunguu, huchipua baridi inapoanza kulegea, huchanua Machi na Aprili, kisha majani yakanyauka na nguvu yote ikarudi chini kungoja mwaka mwingine. Ukifika Agosti utakuta nyasi tu, wala hutajua kuwa hapo palikuwa na kitu. Mwambie mama mapema, kwa simu, kabla hajapanda ndege. Asipojua, atakaa siku nzima akichungulia kando ya barabara.

Ukishamwambia hilo, mwambie na hili. Tarehe 15 Aprili 1802 William Wordsworth na dada yake Dorothy walikuwa wakirudi nyumbani kwa miguu kando ya ziwa Ullswater, upepo ukiwa mkali, walipoyakuta maua yale karibu na ghuba ya Glencoyne. Dorothy aliyaandika kwenye shajara yake: mengine yameegemeza vichwa juu ya mawe kana kwamba yamechoka na mawe ndiyo mito yao, mengine yakiyumba na kucheza na upepo wa ziwani. William alilitunga shairi miaka miwili hivi baadaye, na lilichapishwa mwaka 1807. Ndani ya shairi anatembea peke yake, ilhali siku ile alikuwa na dada yake. Na mistari miwili inayosema juu ya jicho la ndani, ile ambayo pengine mama aliiandika ubaoni mara nyingi kuliko mingine, Wordsworth mwenyewe alikiri kuwa ilitoka kwa mkewe, Mary.

Shajara ile na shairi lile ni vya nyumba moja, Dove Cottage, katika kijiji cha Grasmere. Na shairi lenyewe, mama analijua kuliko mimi, linaishia ndani ya nyumba: mtu amejilaza, amezama katika mawazo, na maua yanamjia akilini. Kwa hiyo anayefika Dove Cottage mwezi Agosti amefika mahali ambapo maua yalikuwa kumbukumbu tayari. Mwalimu wa fasihi hahitaji kuelezwa zaidi. Ndiyo maana ninakushauri ziara yote uijenge juu ya nyumba hiyo, na mengine yaizunguke.

Sasa orodha yako. Nyumba tano, mlima na ziwa kwa siku mbili ni nyingi mno, hata kwa mwenye gari. Sababu iko kwenye umbo la nchi yenyewe. Katikati ya eneo hili kuna milima mirefu, na wakati wa enzi za barafu, barafu iliteremka kutoka hapo katikati kwenda pande zote, kila ulimi ukichimba bonde lake. Barafu ilipoyeyuka, maji yalijaa kwenye mashimo yaliyochimbwa, na hayo ndiyo maziwa ya leo: marefu, membamba, yamepangika kama spoki za gurudumu la baiskeli. Mfano huo wa gurudumu ni wa Wordsworth mwenyewe. Ukitaka kutoka bonde moja kwenda la jirani, ama urudi hadi pembeni mwa gurudumu uingie upya, ama ukwee mlima kwa barabara nyembamba yenye kona za kutisha. Iko moja, Hardknott, ambayo mahali pengine hupanda mita 1 kwa kila mita 3. Ramani itakuonyesha nyumba ya Ruskin "karibu tu" na ya Wordsworth, kumbe zimo katika mabonde mawili tofauti.

Kwa hiyo bonde moja kwa siku moja, na nyumba moja kwa kila bonde. Brantwood ya Ruskin, ng'ambo ya ziwa Coniston, iache. Iache na nyumba ya pili ya Wordsworth, Rydal Mount, alikoishi kuanzia 1813 hadi alipofariki 1850, kwa sababu shairi la mama halikuzaliwa huko. Blackwell usiifute kabisa. Nitaieleza nikifika kwenye mvua. Mlima ufute bila majuto. Watoto watapanda siku nyingine, bila bibi kukaa chini akiwasubiri kwenye upepo.

Kuna matarajio mengine ya kuyaweka sawa. Watu wakisikia nyumba ya kihistoria ya Uingereza hufikiria kasri la lodi, lenye ukumbi na farasi mlangoni. Dove Cottage ilikuwa baa kabla William na Dorothy hawajahamia Desemba 1799. Vyumba ni vidogo, dari iko chini, sakafu ya chini ni ya mawe, kuta zimepigwa mbao nyeusi. Nyuma kuna chumba cha kuhifadhia vyakula ambacho kijito hupita chini ya sakafu yake. Ukisimama hapo unasikia ubaridi ukipanda miguuni, na ndio uliokuwa ukitunza maziwa na nyama. Juu kuna kichumba cha watoto ambacho Dorothy alikibandika magazeti ukutani ili kuzuia baridi. Mwonyeshe mama chumba hicho akiweza kupanda. Watu waliotoa mashairi yanayosomwa dunia nzima walikuwa wanabandika magazeti ukutani watoto wasipate baridi. Watoto watatu walizaliwa humo kati ya 1803 na 1806, wageni hawakukatika, na mwaka 1808 wakahama kwa sababu hapakutosha tena.

Utakuta pia mwanga ni hafifu, na wageni wengine hudhani ni ubahili wa umeme. Mwanga hula rangi ya karatasi, kitambaa na wino, na unachokula haukirudishi. Kila saa ya mwanga mkali inajumlishwa juu ya ile ya jana. Ndiyo maana nyumba nyingi za aina hii hushusha mapazia. Kwa mama hili lina uzito wa pekee, maana jicho la mtu mzima huchukua muda mrefu zaidi kuzoea giza baada ya jua la nje. Mkiingia, msimamishe hapo ndani ya mlango dakika mbili tatu mkiongea, kabla hajaanza kutembea kwenye sakafu ya mawe yasiyolingana. Wengi ninaowajua waliojikwaa katika nyumba za zamani walijikwaa hatua chache tu baada ya kuingia.

Kuhusu ngazi sitakudanganya. Zipo, ni za zamani, na chumba alichokuwa akikaa na kuandika Wordsworth kiko juu. Piga simu Dove Cottage kabla hujanunua tiketi yoyote. Uliza mambo matatu waziwazi: ngazi ni ngapi na zina reli ya kushikilia upande gani, wana picha au video ya vyumba vya juu kwa asiyeweza kupanda, na saa gani hapana watu wengi. Wahudumu wa nyumba hizi huulizwa hayo kila siku, na jibu la mtu aliyesimama pale linashinda langu. Jirani na nyumba kuna jumba la makumbusho lenye miswada ya Wordsworth, na humo mama anaweza kukaa kwa nafasi. Tena uliza mapema ni karatasi zipi zitakuwa zimetolewa kabatini siku hiyo, kwani nazo hupumzishwa kwa zamu kwa sababu ileile ya mwanga.

Siku ya pili wape watoto. Hill Top, katika kijiji cha Near Sawrey, ni nyumba ya shamba aliyoinunua Beatrix Potter mwaka 1905 baada ya vitabu vyake vya sungura kuanza kuuzika. Chukueni vitabu vyake viwili vitatu mfukoni. Kabati la jikoni, ngazi na njia ya bustani aliichora mwenyewe ndani ya hadithi, na mtoto wa miaka 7 akiona kabati la kwenye picha limesimama mbele yake hutamtoa hapo kwa urahisi. Nyumba ni ndogo, kwa hiyo tiketi ina saa yake na Agosti huwahi kujaa. Kata mapema, na angalia siku yenyewe, maana si kila siku ya wiki nyumba hizi huwa wazi.

Mkiwa hapo nje, mpe mama kiti kinachotazama malisho, kwa sababu hapa ndipo nyumba na mandhari vinapokutana. Wageni wengi huiangalia milima ile ya kijani wakidhani ni pori lililoachwa kama lilivyo. Lake District iliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2017 kwa ajili ya kazi ya watu juu ya ardhi hiyo. Milima ingekuwa na miti mingi zaidi kama si kondoo wanaoilisha. Kondoo wenyewe ni wa aina ya Herdwick: huzaliwa weusi, kisha mwili hugeuka kijivu kadiri wanavyokua, uso ukiwa mweupe. Huko juu mlimani hakuna uzio. Kila kundi lina eneo lake kwa sababu jike humfunza mwanawe mpaka, naye atamfunza wake, kizazi hadi kizazi. Kundi likiuzwa likaondoka, maarifa hayo huondoka nalo, na kuwafundisha kondoo wageni mipaka ileile ni kazi ya miaka. Ndiyo maana katika mashamba mengi kondoo wa mlimani hubaki na shamba hata mkulima akihama.

Beatrix Potter alilielewa hilo kama mkulima. Alipofariki Desemba 1943 aliachia shirika la hifadhi la National Trust mashamba 14 na zaidi ya hekta 1,600, na akaagiza kondoo wa mashamba yake ya mlimani waendelee kuwa Herdwick halisi. Bonde mnalolitazama kutoka bustanini kwake lina sura ile kwa sehemu kubwa kwa sababu mwanamke mmoja aliandika wosia wenye akili.

Waambie watoto pia wasogelee ukuta wowote wa mawe. Hauna saruji wala udongo. Ni kuta mbili zinazoegemeana kidogo kadiri zinavyopanda, katikati pamejazwa kokoto, na kila baada ya kimo fulani kuna jiwe refu lililolazwa kupita upande hadi upande kuzifunga pamoja. Wasiupande, maana jiwe moja likitoka mengine hufuata, na anayelirudisha ni mkulima.

Kuhusu usafiri, waliokuambia bila gari usijisumbue wamekosea kwa njia hii uliyopanga. Treni hufika Windermere, mara nyingi kwa kubadilisha treni katika kituo cha Oxenholme. Kutoka hapo basi namba 555 hupita Ambleside na kufika Grasmere, na wakati wa kiangazi kuna namba 599 lenye ghorofa lisilo na paa, ambalo watoto wako watalikumbuka kuliko nyumba zote. Kwa Hill Top, boti hutoka Bowness kuvuka ziwa Windermere, na katika msimu basi dogo hupokea abiria ng'ambo na kuwapandisha Near Sawrey. Mwendo huo kwa miguu ni kilomita tatu hivi za kupanda, kwa hiyo thibitisha ratiba ya basi hilo kabla ya siku yenyewe. Likishindikana, weka teksi. Gari la kukodi lina faida yake kwa goti, sikatai, lakini Agosti barabara ni nyembamba, foleni ni ndefu, na maegesho ya Hill Top ni madogo mno. Gari la matembezi linalozungusha watalii nalo lipo. Litawaonyesha sehemu sita kwa siku, kila moja kwa muda mfupi, na mama atapanda na kushuka ngazi za gari mara kumi na mbili. Kwa goti hilo mimi nisingelichagua. Laleni Ambleside au Windermere usiku wa katikati, na vyumba vya Agosti msisubiri Julai.

Mvua itanyesha. Upepo unaotoka Atlantiki hufika umebeba unyevu, hugonga milima hii, hupanda, hupoa, na maji humwagika. Seathwaite, kijiji kilicho ndani kabisa ya bonde la Borrowdale, hupata zaidi ya milimita 3,000 kwa mwaka. Grasmere na Windermere hupata chache kuliko hizo, lakini msitegemee siku kavu mbili mfululizo. Kinachosaidia ni kwamba mvua hupita kwa mikupuo na jua la Agosti huchelewa kuzama, karibu saa tatu kasoro usiku. Hivyo fanyeni nyumba wakati wa mvua na ziwa wakati wa jua, bila kung'ang'ania asubuhi iwe ya hiki na jioni ya kile. Saa ya tiketi pekee ndiyo haigeuzwi. Mwavuli hugeuzwa na upepo, leteni makoti ya mvua yenye kofia. Na hapa ndipo Blackwell inapoingia: iko karibu na Bowness, ilikamilika mwaka 1900 kwa ajili ya tajiri wa kiwanda cha bia wa Manchester, na ina sebule nyeupe yenye madirisha yanayotazama Windermere. Mvua ikiwakamata siku ya pili kabla ya kupanda treni, mama atakaa dirishani humo akiangalia ziwa bila kulowa.

Ukitaka kumpa mama ufuo wenyewe wa maua, njia ipo: siku ya pili mwende Ullswater badala ya Hill Top. Boti za huko hupita mbele ya Glencoyne, na hakuna mahali panapomfaa mwenye goti bovu kama kiti cha boti. Watoto watakosa kabati lao. Mimi ningewaachia Hill Top, na Ullswater ningeiweka kwa ziara ya Aprili, kama ipo ndani ya uwezo wenu, maua yakiwepo. Lakini huyu ni mama yako, muulize mwenyewe.

Yapo ambayo mimi kwa mbali siwezi kukuamulia. Kama goti limevimba, linajifunga, au linamwamsha usiku, amwone daktari wake kabla ya safari ya ndege, na aulize kuhusu kukaa saa nyingi bila kunyoosha mguu. Mkatie bima ya safari, kwa sababu mgeni wa matembezi akilazwa hospitali Uingereza hutozwa. Mkitaka kumtembeza kando ya maji, Hifadhi ya Taifa ya Lake District imeorodhesha njia zisizo na vikwazo vya kuruka, zinazofaa bakora na hata kiti cha magurudumu. Ingieni kituo cha habari za wageni mkifika, mwulizeni mhudumu ipi ina mteremko mdogo siku hiyo. Watoto wakipita kwenye majani marefu, wakagueni kupe jioni, nyuma ya magoti na kwenye nywele, na ukiona doa jekundu linalopanuka siku au wiki zinazofuata, mpeleke mtoto kwa daktari. Wasiingie majini mahali penye tangazo la mwani wa kijani-buluu, una sumu. Na mtu akiumia mlimani, pigeni 999, ombeni polisi, kisha waambieni mnahitaji waokoaji wa milimani.

Jambo moja la mwisho la kufanya nyumbani: chapa ukurasa ule wa shajara ya Dorothy wa tarehe 15 Aprili 1802 kwa herufi kubwa, na shairi nyuma yake, uutie kwenye mkoba wa mama. Mkishatoka Dove Cottage tafuteni benchi kijijini Grasmere, umwombe awasomee wajukuu vyote viwili, shajara kwanza.